Muulize Bi Mkoba: Umenunua kitanda, hukununua chumba

Mwezi uliopita niligusia tu kwamba nimelala hosteli wiki tatu mfululizo na mgongo wangu bado ni mzima. Sikutegemea barua zote hizi. Kwa wasionijua, nilikaa mapokezi ya hosteli moja ya vitanda 84 kwa miaka sita, zamu ya usiku, saa tatu usiku mpaka saa moja asubuhi. Kabla ya hapo na baada ya hapo nimekuwa mgeni kama ninyi. Kaunta ile naijua kwa mbele na kwa nyuma. Barua nimezifupisha, na majina mmejipachika wenyewe.

Shikamoo Bi Mkoba. Nina miaka 23, nasafiri peke yangu kwa mara ya kwanza, siku kumi na mbili, na fedha zangu ni za kuhesabu. Mtandaoni nimeona hosteli tatu. Moja ina alama 9.1, bweni la watu 16. Ya pili ina 8.4, bweni la watu sita. Ya tatu haina maoni ya mtu hata mmoja ila ndiyo rahisi kuliko zote, nje kidogo ya mji. Nichukue ipi? — Mgeni Njiani

Marahaba, mwanangu. Chukua ya 8.4.

Alama pekee hazikuambii kitu mpaka ujue nani kazitoa. Aliyekwenda kucheza muziki mpaka alfajiri atatoa kumi kwa sababu ileile ambayo wewe ungetoa mbili. Soma maneno. Anza na ya miezi miwili ya karibuni, maana hosteli hubadilisha wasimamizi, na sifa za miaka mitatu nyuma ni za watu waliokwisha kuondoka. Tafuta maneno machache: kelele, kunguni, maji ya moto, ngazi, kufuli. Lalamiko la mtu mmoja huenda ni siku yake mbaya. Lalamiko lilelile kutoka kwa watu watatu, miezi mitatu tofauti, hilo ni la nyumba. Halafu angalia wenye nyumba wanajibuje. Anayemtukana mgeni hadharani mchana, usiku saa nane atakufanyaje?

Picha nazo zina mambo. Ukiona picha ishirini za sebule na moja tu ya bweni, iliyopigwa kwa pembeni, jiulize. Kwenye ile moja hesabu soketi na vitanda. Tazama kama kila kitanda kina taa yake na pazia. Pazia ni kitambaa tu, lakini ndilo linalokutenga na taa ya simu ya jirani.

Sasa hilo bweni la watu 16. Piga hesabu nami: kila mtu akitoka kwenda chooni mara moja tu usiku, mlango unafunguliwa mara 32, kutoka na kurudi. Hapo sijamtaja anayeondoka saa kumi alfajiri, wala anayerudi saa tisa usiku akitafuta ngazi kwa kupapasa. Watu hudhani wamelipia chumba kwa bei nafuu. Umelipia kitanda, mwanangu, na chumba ni cha wote waliokuwemo usiku ule. Bei imeshuka kwa sababu usingizi wako umeuweka rehani kwa watu kumi na tano usiowajua. Watu sita ni rehani unayoweza kuikomboa.

Hiyo ya tatu ya nje ya mji, chukua nauli ya kwenda na kurudi, zidisha kwa siku utakazokaa, jumlisha na kitanda. Kisha uliza basi la mwisho linapita saa ngapi. Nimewapokea wengi waliohamia kwetu siku ya pili baada ya kulipa teksi usiku wa kwanza, na ile akiba yote ikaishia kwenye teksi hiyo.

Kabla hujalipa, uliza pia vitu ambavyo havimo kwenye bei inayong'aa: shuka, taulo, kufuli, amana ya ufunguo, na kodi ya mji ambayo miji mingi humtoza mgeni kwa kila usiku na mara nyingi hulipwa mkononi ukifika. Usilipie siku zote kumi na mbili. Lipia mbili. Pakikufaa ongeza palepale kaunta, pasipokufaa hukufungwa.

Na jambo moja ambalo limewatoa watu machozi mbele yangu: tarehe. Ndege yako ikitua saa saba usiku tarehe 12 na ukafika hosteli saa nane, usiku unaouhitaji ni wa tarehe 11. Sisi tunasema "usiku wa kuamkia tarehe 12" na tunaelewana vizuri kabisa. Mashine ya kuwekea nafasi haijui kuamkia. Ukiandika 12, kitanda chako kitakuwa tayari tarehe 12 saa nane au saa tisa mchana, na wewe umesimama mbele yangu usiku wa manane, nimejaza, na sina pa kukulaza ila kochi la sebuleni ambalo sheria ya nyumba hainiruhusu kukupa. (Nililitoa mara tatu. Mwenye nyumba hasomi safu hii.)

Bi Mkoba, nimerudi safari juzi nina mapele mkononi, matatu kwa mstari. Kila mtu ananiambia ni kunguni. Nitajuaje? Na safari ijayo nifanyeje, maana sasa naogopa hata kufungua begi. — Mwasho

Pole sana. Mapele kwa mstari au kwa kikundi, sehemu ya mwili iliyokuwa wazi ukiwa umelala, ndiyo dalili inayotajwa sana, lakini mapele peke yake hayatoshi kumhukumu mdudu. Kuna wasiowashwa kabisa, na kuna wanaoanza kuwashwa siku kadhaa baada ya kuumwa, ndiyo maana unaweza ukailaumu hosteli ya mwisho kwa kosa la hosteli ya pili. Afadhali moja unayo: kunguni hajulikani kumwambukiza mtu ugonjwa. Ni mwizi wa damu na wa usingizi. Usikune mpaka utoke vidonda. Ukivimba sana au ukipata homa, nenda ukaonwe na daktari.

Begi lako lifungulie bafuni au nje, usilifungulie kitandani. Nguo zote ziende moja kwa moja kwenye maji ya nyuzi 60, au kwenye mashine ya kukaushia kwa joto la juu kabisa kwa nusu saa na zaidi. Joto huua mdudu na mayai yake. Visivyofulika vifunge kwenye mfuko na uviweke kwenye jokofu la kugandisha, nyuzi 18 chini ya sifuri, siku nne. Begi lenyewe lipitishie mashine ya kufyonza vumbi kila mshono na kila mfuko, na takataka zake uzitoe nje siku hiyohiyo. Usimwagie dawa ya mbu ukadhani umemaliza. Utakuwa umemhamisha tu.

Safari ijayo, ukipewa kitanda, usikae. Begi lisimame kwenye sakafu ya vigae, bafuni ikiwezekana, mpaka ukague. Washa tochi ya simu hata kama ni mchana. Ondoa shuka pembeni, fuata mshono wa godoro kwa kidole kama fundi cherehani anayekagua pindo, hasa upande wa kichwani. Kisha nyanyua godoro, tazama maungio ya kitanda, matundu ya misumari, na nyufa za ukuta penye kichwa. Unachotafuta ni vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu iliyovuja, maganda mepesi ya rangi ya kahawia, na mdudu mwenyewe: bapa, urefu wa milimita tano hivi, mwekundu zaidi akishashiba. Harukiruki kama kiroboto wala hapai. Anatambaa, basi. Lakini hufuata joto lako na pumzi unayoitoa, na anaweza kukaa miezi bila kula akikusubiri.

Kazi hiyo ni ya dakika tano. Wageni wenzako watakutazama kama mwehu. Wacha watazame.

Ukimkuta, piga picha, shuka mapokezi, na omba chumba kingine. Kisiwe cha jirani wala cha juu yake, kwa sababu wanapita ukutani na kwenye mabomba. Useme taratibu tu. Kunguni hana habari na usafi, huletwa na begi la mgeni hata kwenye hoteli za kifahari, na mfanyakazi unayemfokea huenda ndiye atakayeamka saa kumi na moja kufumua vitanda vyote. Hosteli nzuri utaijua hapo. Ile mbaya itakuambia "haijawahi kutokea."

Kwetu ilitokea mara mbili kwa miaka sita. Mara ya pili mgeni aliyeleta habari alikuwa ametutunzia mdudu ndani ya kijisanduku cha kiberiti. Nikamshukuru. Nilimwandikia usiku wa bure.

Bi Mkoba, mke wangu anasema nakoroma kama trekta linapanda mlima. Rafiki zangu wanapanga safari ya mabweni. Je, ni haki mimi kwenda? — Trekta

Kaka, umefanya jambo ambalo wakoromaji 40 niliowapokea hawakulifanya: umejua.

Nenda, ila usiingie kimyakimya. Hosteli nyingi zina vyumba vichache vya mtu mmoja au wawili. Usiku ule mnaotaka kuamka na nguvu, chukua hicho, na gharama ya ziada ihesabu kama sadaka kwa bweni. Usiku mwingine omba kitanda cha chini kwenye kona. Lala ubavu. Ukilala chali ulimi hurudi nyuma na muziki unaanza. Shona mfuko mgongoni mwa fulana uweke kitu kigumu kama mpira mdogo. Watacheka, lakini hutageuka. Pombe jioni huongeza sauti, iache.

Nunua paketi ya vizibo vya masikio vya sponji na uwagawie wenzako kabla taa hazijazimwa. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akipita kitanda hadi kitanda akigawa kama anayegawa kadi za harusi: "Mimi nakoroma, poleni mapema." Sikupata lalamiko hata moja juu yake. Kijana aliyelala jirani naye wiki iliyofuata, mwenye sauti nusu ya ile, alirushiwa kiatu. Nilijua kwa sababu saa tisa usiku mrushaji alishuka mapokezi na kiatu kimoja mguuni kuniomba tochi akatafute cha pili.

Kwa mnaozibia masikio: kisokote kizibo kiwe chembamba kama njiti, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, kiingize, kishikilie sekunde thelathini kitanuke humo ndani. Wengi huking'ang'aniza kama kizibo cha chupa kisha wanasema hakifai. Alamu ya simu wekeni ya kutetema, chini ya mto.

Na neno la pembeni, kaka. Kama mkeo amewahi kukuona pumzi ikikatika kisha ukazinduka kama mtu anayezama, na mchana unasinzia ukiwa umekaa, hilo lina jina hospitalini na lina tiba. Nenda kabla ya safari.

Habari dada. Nina maswali mawili: mwanamke anayesafiri peke yake achukue bweni la mchanganyiko au la wanawake tu? Na pasipoti nilale nayo wapi? — Mwanamkasi

Nzuri, mdogo wangu. La kwanza, chukua lile litakalokupa usingizi. Mabweni ya wanawake mara nyingine huwa ghali kidogo, na yana kelele zake. Nimelala moja ambapo mashine tatu za kukaushia nywele ziliwashwa saa kumi na mbili asubuhi na umeme ukakatika jengo zima. Mchanganyiko nimelala mara nyingi kwa amani. Ila ukishaingia na moyo ukakukataa, au mtu akakuzoea kuliko ulivyomruhusu, usijadiliane naye na usingoje uthibitisho. Beba mkoba mdogo, shuka mapokezi, sema "naomba kuhamishwa." Huna haja ya kueleza kwa nini. Nilihamisha wanawake wengi kwa sentensi hiyo tu. Kwa ajili hiyo, hosteli ambayo mapokezi yake hufungwa usiku iondoe kwenye orodha yako.

La pili ni refu kidogo, maana hapa niliumbuka mwenyewe. Safari yangu ya kwanza nilinunua kufuli la kujivunia, zito, la kufungia ghala. Nimefika, kabati la bwenini lina tundu ambalo chuma changu hakipiti hata kwa kukisukuma. Usiku ule nililala nimekumbatia begi kama mtoto mgonjwa. Tangu hapo nanunua kufuli dogo lenye upindo mwembamba na mrefu kiasi, tena la namba. La ufunguo linakupa kitu kingine cha kupoteza. Nilipokuwa kazini tulikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia vyuma chini ya kaunta, na karibu kila juma niliutumia usiku kwa ajili ya mtu aliyefungia funguo zake ndani ya kabati pamoja na suruali. Namba nazo usiweke mwaka wako wa kuzaliwa. Pasipoti yako inautaja.

Pasipoti, kadi ya benki ya akiba na fedha nyingi: kabatini, ndani kabisa, chini ya nguo chafu. Simu na kadi unayotumia: kitandani nawe, upande wa ukutani, ndani ya foronya, chini ya mto na si juu yake. Ukienda kuoga, nenda navyo ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mapokezi wakitaka pasipoti kuiandika au kuipiga picha ni kawaida, nchi nyingi sheria huwalazimisha. Wakitaka kubaki nayo mpaka uondoke, omba waichukue nakala wakurudishie. Nakala yako nyingine ijitumie kwenye barua pepe.

Na wizi wenyewe? Katika miaka yangu sita, kilichopotea zaidi ni simu zilizoachwa zikichajiwa kwenye soketi ya karibu na mlango, na saa zilizosahauliwa bafuni. Sikuwahi kuona kabati limevunjwa. Mlango hukaa wazi, mtu anapita, mkono unafanya kazi yake. Nunua waya wa chaja mrefu ufike kitandani kwako.

Bi Mkoba, tupo watatu, marafiki. Mwenzetu mmoja ameshikilia hosteli kwa sababu "ni rahisi." Mimi nina wasiwasi. — Mhasibu wa Kikundi

Wasiwasi wako una akili. Hosteli inauza kwa kichwa, hoteli ndogo na nyumba ya kulala wageni huuza kwa chumba. Kwa mtu mmoja, kitanda hushinda karibu siku zote. Kwa wawili, hukaribiana. Kwa watatu, jumlisha vitanda vitatu, shuka tatu, taulo tatu, kisha linganisha na chumba kimoja cha watu watatu chenye bafu lake. Mara nyingi mtashangaa. Kuna jambo moja tu linaloweza kurudisha ushindi kwa hosteli: jiko. Mkipika chakula cha jioni siku zote, akiba inatoka hapo na kitanda hakihusiki. Muulizeni huyo mwenzenu nani ataosha vyombo, na jibu lake mliandike.

Kama bado mnataka hosteli, chukueni bweni la watu wanne. Mgeni wa nne mtakuwa mmemkuta au atawakuta, na mmwonee huruma, maana kulala na marafiki watatu wanaonong'ona ni adhabu. Ongeeni nje.

Ya haraka haraka

*Nichukue kitanda cha juu au cha chini?* Cha chini ukiwa unaamka usiku. Cha juu ukiwa hutaki watu wakalie kitanda chako kufunga viatu. Kabla ya kukipanda kile cha juu, kishike ukitikise. Kikicheza kama kiti cha bembea, omba kingine.

*Naondoka saa kumi alfajiri, nitafungashaje bila kugombana?* Hufungashi saa kumi. Unafungasha saa tatu usiku, nguo za safari umezivaa au zimekunjwa miguuni, begi liko karibu na mlango au sebuleni, shuka zako unazivua gizani. Mifuko ya plastiki inayochakarisha iache nyumbani, tumia ya kitambaa. Taa kubwa haiguswi, hata kama unatafuta soksi. Soksi moja haifai kuamsha watu saba.

*Ndala ni lazima?* Ndiyo. Bafu la watu wengi lina fangasi za miguu, na sakafu yake haikaushwi kati ya mtu na mtu.

*Chakula changu kwenye jokofu la pamoja kimeliwa. Nimlalamikie nani?* Uliandika jina na tarehe ya kuondoka? Basi lalamika mapokezi. Hukuandika? Hosteli nyingi zina rafu ya vitu vya bure vilivyoachwa na walioondoka, na kisichokuwa na jina huhesabiwa humo. Ulimpa mtu zawadi.

*Kuna hosteli zinafunga mchana, ni kweli?* Zipo bado, chache. Wanafanya usafi, na begi lako hubaki ndani au kwenye chumba cha mizigo. Ukiwa unategemea kulala mchana baada ya safari ya usiku, uliza kwanza.

Bi Mkoba, nina miaka 63, nimestaafu, na nataka kuzunguka kwa gharama ndogo. Watoto wangu wanacheka: "Baba, hosteli ni za vijana." Je, nitaaibika? — Mstaafu

Shikamoo kaka. Waambie watoto nimekutumia kisa.

Mwaka 1909, mwezi wa nane, mwalimu mmoja wa mji wa Altena, Ujerumani, Richard Schirrmann, alikuwa kwenye matembezi ya siku nyingi kwa miguu na wanafunzi wake. Ngurumo na mvua kubwa zikawakuta njiani. Wakapata hifadhi kwenye shule ya kijiji iliyokuwa tupu kwa sababu ya likizo, wakatandika majani makavu sakafuni. Watoto wakalala. Yeye hakulala, na katika kukesha huko akawaza: shule zote hizi hukaa tupu kila likizo, kwa nini zisiwe malazi ya wanaotembea? Alianza na madarasa ya shule yake mwenyewe, na mwaka 1912 hosteli ya kudumu ikafunguliwa ndani ya ngome ya kale ya Altena. Vyumba vile vya mwanzo, na vitanda vyake vya mbao, vimehifadhiwa mpaka leo kama makumbusho. Mwaka 1932 vyama vya hosteli vya nchi kadhaa vilikutana Amsterdam kuunda shirikisho la kimataifa, na huyo mwalimu akawa mwenyekiti wake. Miaka minne baadaye utawala wa Wanazi ulimlazimisha kuachia nafasi zake.

Usiku ule wa mvua alikuwa na miaka 35. Kijana wa kundi lile hakuwa yeye, na bado wazo lilimjia yeye aliyekosa usingizi. Wasimamizi wa hosteli za Kijerumani waliitwa baba na mama wa nyumba, na wageni walifagia na kuosha vyombo kabla ya kuondoka asubuhi. Wewe ungeiweza nyumba ile kuliko watoto wako.

Siku hizi ni kweli baadhi ya hosteli, hasa za muziki na pombe, huweka kikomo cha umri, wengine miaka 35, wengine 40. Huandikwa kwenye masharti, maandishi madogo. Yasome, na uwashukuru wamekuokolea usiku. Tafuta zile zinazojieleza kwa maneno kama utulivu, familia, wapanda baiskeli, wapanda milima. Humo utawakuta wenzako wengi, na wengi wao wana vizibo vizuri vya masikio.

Mambo ya mwili ndiyo ya kupanga. Kitanda cha chini usikiombe kwa ujumbe wa mtandaoni peke yake, piga simu siku moja kabla, umwambie mtu mwenye sauti na umuulize jina lake. Ukifika, mtaje. Uliza kama kuna lifti, maana majengo ya hosteli mara nyingi ni ya zamani na bweni la bei ndogo huwa ghorofa ya juu kabisa. Dawa zako zikae kwenye mkoba wa kitandani, na kama kuna ya kuwekwa kwenye baridi, mapokezi huwa na jokofu lao dogo lisilofikiwa na wageni. Waombe, sisi tulikuwa tukitunza za watu kila mara. Tochi ndogo ya kuvaa kichwani, yenye mwanga mwekundu, itakupeleka chooni bila kuamsha mtu. Kama vitanda vya chini vimeisha na umelazimika kulala juu, shuka ukiitazama ngazi, usiipe mgongo hata mara moja, hata kama vijana wanashuka wakiruka.

Na ukifika usiku ukamkuta mtu wa zamu ameinamisha kichwa kaunta, gonga kidogo tu. Hajalala, anahesabu mlango wa ghorofa ya pili umefunguliwa mara ngapi.